Kabla ya Sindano Kufika Garissa

Kila dawa na kila chanjo inayouzwa katika maduka ya dawa za mifugo mjini Garissa, kama zilivyo zile zinazotolewa katika hospitali na zahanati za kaunti hiyo, imepitia, au ilipaswa kupitia, hatua ambayo mnunuzi haioni na ambayo hata mwuzaji huifahamu kwa juujuu tu. Hatua hiyo ni uchunguzi wa usalama unaofanywa maabarani kabla dawa haijajaribiwa kwa binadamu, au kabla haijaruhusiwa kwa mnyama aliyekusudiwa, na elimu inayouongoza huitwa toksikolojia, yaani elimu ya sumu na namna zinavyoudhuru mwili. Wataalamu wake hawaulizi kama dawa inaponya, kwa kuwa hilo lina watu wake. Wao huuliza itamdhuru nani, kwa kiasi gani, katika kiungo kipi, baada ya muda gani, na kama madhara hayo huondoka dawa inapokomeshwa.

Wakazi wa Garissa, Wajir na Mandera wana sababu yao ya kuyafuatilia maswali hayo. Chanjo ya mifugo dhidi ya Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa uliowaua watu na kuteketeza mifugo yao zaidi ya mara moja, imekuwepo tangu katikati ya karne iliyopita; kilichokosekana kwa muda mrefu ni chanjo ambayo usalama wake umepimwa kwa wanyama wanaofugwa huko, katika hali wanayokuwa nayo siku sindano inapowafikia.

Ugonjwa wenyewe ulitambuliwa nchini Kenya, pale kondoo katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha walipoanza kufa na kutupa mimba mwaka 1930, na wataalamu Daubney, Hudson na Garnham wakachapisha maelezo yake ya kwanza mwaka 1931. Kirusi chake huenezwa na mbu, ambao baadhi yao hutaga mayai yanayoweza kukaa kwenye udongo mkavu kwa miaka na kuanguliwa mafuriko yanapojaza mabonde, na binadamu huambukizwa ama kwa kuumwa na mbu, ama, mara nyingi zaidi, kwa kugusa damu, nyama au mimba iliyotupwa ya mnyama mgonjwa. Mvua za El Niño za mwaka 1997 zilileta mlipuko mkubwa ambao inakadiriwa uliwaambukiza watu wapatao 89,000 Kaskazini Mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia, na katika Wilaya ya Garissa peke yake makadirio yalikuwa watu 27,500. Mlipuko uliofuata, wa mwishoni mwa 2006 hadi mapema 2007, ulianza kutambuliwa Garissa hiyohiyo, ukaua zaidi ya watu 150 nchini na kuugharimu uchumi wa Kenya zaidi ya shilingi bilioni 2. Mwaka 2018 ulizuka tena, safari hii Wajir.

Wafugaji wa Kisomali, ambao huuita ugonjwa huo sandik kwa sababu ya damu inayotoka puani mwa mnyama, walipohojiwa na watafiti baada ya mlipuko wa 2006 walieleza mfuatano wake kwa usahihi unaostahili heshima: tangu mvua kubwa ianze hadi mbu kujaa zilipita kwa wastani siku 24 hivi, tangu mbu hadi mnyama wa kwanza kuugua siku 17 hivi, na tangu mnyama hadi binadamu wa kwanza muda unaokaribia huohuo. Idara za serikali, kwa upande wake, zilichukua takriban miezi miwili tangu mifugo ilipoanza kuugua ndipo zikaanza kuchukua hatua, jambo linaloonyesha kwamba chanjo yenye manufaa ni ile inayotolewa kabla ya mvua, wala si wakati ambapo sindano moja inayopita kutoka mnyama hadi mnyama inaweza yenyewe kueneza kirusi. Sasa, katika kundi la mbuzi na kondoo wa Ijara au Fafi, huko Garissa, karibu wakati wowote majike kadhaa huwa na mimba, na mfugaji hana chombo cha kuwapima ili awatenge. Chanjo anayoihitaji, basi, ni ile isiyodhuru mimba.

Chanjo iliyotumika Kenya kwa miongo mingi, na ambayo hutengenezwa na taasisi ya serikali ya kuzalisha chanjo za mifugo, KEVEVAPI, haikuwa hivyo. Asili yake ni kirusi kilichopatikana kwa mbu wa magharibi mwa Uganda mwaka 1944, ambacho Kenneth Smithburn, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti ya Entebbe, alikihamisha mara nyingi kutoka ubongo wa panya mmoja hadi mwingine mpaka kikapoteza sehemu kubwa ya ukali wake, na matokeo yake akayachapisha mwaka 1949. Chanjo ya namna hiyo, iliyo na kirusi hai kilichodhoofishwa, ina faida kubwa, kwa kuwa dozi moja humpa mnyama kinga ya muda mrefu kwa bei ndogo; ila udhaifu huo wa kirusi haukutosha kuilinda mimba, na ikajulikana kwamba baadhi ya majike waliochanjwa wakiwa na mimba waliitupa au walizaa watoto wenye kasoro. Ikumbukwe kwamba kutupa mimba ndiyo dalili kuu ya ugonjwa wenyewe, na mfugaji anayeambiwa achanje ili asipoteze wana-kondoo, kisha akawapoteza kwa sababu ya chanjo, hahitaji kuelezwa na mtaalamu yeyote kwa nini mwaka unaofuata atakataa.

Ili kuelewa kwa nini madhara ya namna hii huonekana au hayaonekani kabla ya dawa kufika sokoni, ni lazima kuingia maabarani. Dawa mpya ya binadamu huanza kupimwa kwa seli na bakteria, kama katika kipimo kilichobuniwa na Bruce Ames mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambacho hutumia bakteria kugundua kemikali zinazobadilisha vinasaba na ambazo kwa hiyo huenda zikaleta saratani. Baadaye hutolewa kwa wanyama wa aina mbili, mmoja wa jamii ya panya na mwingine asiye wa jamii hiyo, kama vile mbwa au tumbili, kwa dozi zinazopanda hatua kwa hatua, kwa siku 28, kwa siku 90, au kwa muda mrefu zaidi iwapo mgonjwa atakuwa akiitumia kwa miaka. Kundi moja halipewi dawa, bali hupewa maji au kimiminika ambacho dawa huchanganywa nacho, bila dawa yenyewe, ili tofauti itakayoonekana isisingiziwe sindano au hofu ya kushikwashikwa. Wanyama hupimwa uzito, hula chakula kilichopimwa, huchunguzwa damu na mkojo, na mwishoni huuawa ili kila kiungo, kuanzia ini na figo hadi tezi ndogo zisizofikiriwa na mtu wa kawaida, kikatwe vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini. Chanjo hufuata njia inayofanana na hiyo ila fupi zaidi, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 ndio uliokusanya kanuni zake.

Kutokana na kazi hiyo hupatikana namba moja yenye uzito kuliko nyingine zote, nayo ni dozi kubwa kuliko zote ambayo haikuonyesha madhara yoyote. Kwa kemikali zinazoingia katika chakula, namba hiyo hugawanywa kwa 10 kwa kuwa huenda binadamu akadhurika kwa wepesi kuliko mnyama, kisha kwa 10 tena kwa kuwa binadamu wenyewe hawafanani, hivi kwamba miligramu 100 kwa kila kilo ya panya hugeuka kuwa miligramu 1 kwa kila kilo ya mtu. Mgawanyo huu umetumika tangu miaka ya 1950, na uaminifu unadai isemwe kwamba haukutokana na hesabu yoyote ya kina. Ni busara ya tahadhari iliyovikwa tarakimu, na imefanya kazi vizuri kuliko ilivyostahili.

Kuna wanyama wengine ambao hawajibu kama wenzao, na hapa ndipo taaluma hii ilipojifunza kwa gharama kubwa. Thalidomaidi, dawa ya usingizi iliyouzwa Ujerumani Magharibi kuanzia mwaka 1957 na baadaye ikatumiwa na wajawazito kutuliza kichefuchefu, ilisababisha watoto zaidi ya 10,000 duniani kuzaliwa na viungo pungufu kabla haijaondolewa sokoni mwaka 1961. Ilipochunguzwa baadaye ilibainika kwamba panya karibu hawadhuriki nayo katika mimba, ilhali sungura wa aina fulani hudhurika, na tangu hapo sungura amekuwa mnyama wa kawaida wa kupima madhara ya dawa kwa kijusi, yaani mtoto angali tumboni. Mnyama hachaguliwi kwa urahisi wa kufugwa tu; huchaguliwa kwa sababu mwili wake unaweza kutoa jibu kwa swali linaloulizwa.

Sehemu kubwa ya uchunguzi huu duniani haifanywi na kampuni zenye dawa, bali na maabara za mkataba, yaani maabara binafsi zinazolipwa na mwenye dawa ili zimpimie bidhaa yake na kumkabidhi ripoti atakayoipeleka serikalini. Mpango huo una mantiki, kwa maana kampuni ndogo haiwezi kujenga mabanda, kuajiri wataalamu wa tishu na kununua mitambo kwa ajili ya dawa moja, lakini una kasoro iliyo wazi kwa yeyote: anayepima hulipwa na anayetaka kufaulu. Kasoro hiyo ilijitokeza kwa sura mbaya kabisa nchini Marekani mwaka 1976, wakaguzi wa serikali walipoanza kuchunguza kumbukumbu za maabara ya Industrial Bio-Test ya jimbo la Illinois, mojawapo ya maabara kubwa zaidi za aina hiyo wakati huo. Katika chumba kimoja, ambacho wafanyakazi walikipa jina la Kinamasi, mitambo ya maji ilivuja, panya wakafa kwa wingi, na waliokufa wakabadilishwa na wapya pasipo kuandikwa popote. Daftari zilikuwa na kifupisho kilichomaanisha kwamba mzoga umeoza kiasi cha kutochunguzika. Na matokeo ya vipimo ambavyo havikufanywa yaliandikwa kana kwamba vimefanywa. Mwaka 1983 watatu waliokuwa maofisa wake walipatikana na hatia mahakamani, na bidhaa nyingi zilizokwisha kuruhusiwa kwa ripoti zake zikalazimika kupimwa upya.

Kashfa hiyo ndiyo iliyozaa kanuni zinazoitwa Utendaji Bora wa Maabara, zilizotangazwa Marekani mwaka 1978 na kukubaliwa na Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, mwaka 1981. Kanuni hizo zinataka kila jaribio liwe na mpango ulioandikwa na kutiwa saini kabla halijaanza, liwe na msimamizi mmoja anayewajibika kwa jina lake, likaguliwe na kitengo cha ubora ambacho hakikushiriki kulifanya, na kila namba iliyoandikwa kwa mkono au kutolewa na mtambo, pamoja na vipande vya tishu vyenyewe, ihifadhiwe ili mkaguzi aweze kuirudia miaka mingi baadaye. Kosa likifanyika halifutwi, hukatwa mstari mmoja likabaki kusomeka, na aliyelisahihisha huandika tarehe na sababu. Ni kazi ya ukarani inayochosha, na wanasayansi wengi huilalamikia, lakini bila karani huyo ripoti ya usalama ni neno la mfanyabiashara tu.

Hata hivyo kanuni hizo zinathibitisha jambo moja, kwamba jibu lilipatikana kwa uaminifu; hazithibitishi kwamba swali lililoulizwa ndilo lililomhusu mtumiaji. Mfano wake hauko mbali na Garissa. Katika kutafuta chanjo isiyodhuru mimba, watafiti waligundua kirusi cha Homa ya Bonde la Ufa kilichotoka kwa mgonjwa wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambacho kwa maumbile yake kilikuwa kimepoteza sehemu kubwa ya jeni inayokiwezesha kuizima kinga ya mwili, na kutoka humo ikatengenezwa chanjo iitwayo Clone 13. Kondoo wenye mimba waliochanjwa katika jaribio la Afrika Kusini lililochapishwa mwaka 2010 hawakutupa mimba, chanjo ikaanza kutumika nchini humo, na mwaka 2015 yakachapishwa matokeo ya jaribio la Kenya lililohusisha ng'ombe, kondoo na mbuzi zaidi ya 400, ambalo nalo liliiona kuwa salama. Kisha mwaka 2016 watafiti wengine walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa kufuata utaratibu wa Ulaya unaodai mnyama apewe dozi iliyozidishwa, tena katika kipindi cha mwanzo cha mimba ambapo viungo vya kijusi vinaumbwa, na wakakuta kwamba kirusi cha chanjo kilipenya kondo la nyuma, kikawaambukiza vijusi, na kusababisha kasoro za viungo na watoto kuzaliwa wafu.

Msomaji asidhani kwamba kundi moja lilidanganya. Majaribio yote yanaweza kuwa ya kweli, kwa kuwa dozi ya kawaida na dozi iliyozidishwa ni vitu viwili, na mimba changa haifanani na mimba iliyokomaa. Swali la kujiuliza ni jaribio lipi linafanana na hali ya kijijini, ambako chupa ya chanjo huchanganywa juani, sindano hupimwa kwa jicho, mnyama mmoja hudungwa mara mbili kwa kuwa kundi lilichanganyika, na hakuna anayejua jike yupi ana mimba ya siku ngapi. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ni lile la dozi iliyozidishwa, na utaratibu unaoonekana kuwa mkali kupita kiasi katika ofisi za Ulaya ndio ulio karibu zaidi na ukweli wa boma la Kisomali.

Chanjo inayofuata imejengwa kwa mantiki tofauti. ChAdOx1 RVF, ambayo kazi yake imeongozwa na George Warimwe, mwanasayansi Mkenya wa Kilifi na Oxford, haina kirusi kizima cha Homa ya Bonde la Ufa. Ina kirusi cha mafua ya sokwe kisichoweza kuzaana, kilichopandikizwa vinasaba vya protini za uso wa kirusi cha homa hiyo, na chombo hicho ndicho kilekile kilichotumika katika chanjo ya Oxford ya UVIKO-19 iliyoanza kuingia Kenya Machi 2021. Kwa kuwa hakizaani, hakuna kirusi hai cha homa kinachoweza kuvuka kondo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba kondoo na mbuzi wenye mimba hawakudhuriwa na chanjo yenyewe, na kwamba walipoambukizwa kirusi kamili kondoo walilindwa vizuri, ingawa kwa mbuzi kinga haikuwa imara vilevile. Mwaka 2021 ilianza kujaribiwa kwa watu wazima 15 nchini Uingereza, na baadaye Entebbe, katika taasisi ileile iliyotoa chanjo ya Smithburn, likaanzishwa jaribio la binadamu la Uganda. Kwa upande wa binadamu nao suala la mimba halikwepeki, kwa sababu utafiti uliofanywa Port Sudan na kuchapishwa mwaka 2016 ulikuta uhusiano kati ya maambukizi ya homa hiyo na kuharibika kwa mimba za wanawake.

Kenya ina vyombo vyake katika mnyororo huu. Taasisi ya Utafiti wa Nyani na jamii yake, iliyoanzishwa na Louis Leakey mwaka 1960 na ambayo sasa iko katika msitu wa Oloolua, Karen, imefanya majaribio ya kabla ya binadamu kwa nyani na tumbili kwa miongo mingi. Hata miraa, inayofika Garissa kila siku bila kibali cha maabara yoyote, iliwahi kupewa nyani hapo, na matokeo ya mwaka 2006 yakaonyesha kwamba inabadilisha viwango vya homoni zao. Dawa za binadamu husajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na za mifugo na Kurugenzi ya Dawa za Mifugo, ambayo ni chombo kichanga zaidi. Majaribio kwa wanyama yanahitaji kibali chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na kamati za maadili huongozwa na kanuni ya Russell na Burch ya mwaka 1959: mnyama asitumike pale panapowezekana kutumia njia nyingine, watumike wachache iwezekanavyo, na mateso yapunguzwe.

Anayesahauliwa mara nyingi katika mnyororo huo wote ni ngamia. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya ngamia milioni 4 nchini, wengi wao katika kaunti kame za kaskazini, lakini soko la dawa zao ni dogo mbele ya kampuni za dunia, kwa hiyo dozi yake mara nyingi hukisiwa kutokana na ya ng'ombe. Kukisia huko kuna hatari ya kweli. Daiminazini, inayotumika sana kutibu nagana ya ng'ombe, humdhuru ngamia kwa dozi isiyopita sana ile ya ng'ombe, na ndiyo maana ugonjwa wa surra, unaowapata ngamia na ulio wa jamii ya nagana, ulihitaji dawa iliyotengenezwa mahususi kwa ajili yake, melasomini, inayotolewa kwa robo miligramu tu kwa kila kilo. Salinomaisini, ambayo huchanganywa katika lishe ya kuku bila shida yoyote, ni sumu kwa ngamia. Mwaka 2007 ngamia walikufa kwa maelfu nchini Saudi Arabia, na uchunguzi ukahusisha vifo hivyo na lishe iliyochafuliwa nayo. Suala la maziwa nalo limo humo, kwa sababu siku ambazo maziwa hayafai kunywewa baada ya sindano huhesabiwa kwa kupima mabaki ya dawa katika maziwa ya mnyama husika, na dawa nyingi hazikuwahi kupimwa katika maziwa ya ngamia.

Majaribio ya chanjo za Homa ya Bonde la Ufa kwa ngamia yapo, likiwamo moja la Morocco lililochapishwa mwaka 2016, ila ni machache mno yakilinganishwa na ya kondoo. Kwa hiyo mfugaji wa Garissa, Wajir au Mandera anayenunua dawa anashauriwa kumwomba mwuzaji amsomee karatasi iliyomo ndani ya pakiti, atafute wanyama waliokusudiwa, onyo kuhusu mimba na idadi ya siku za kumwaga maziwa, na iwapo mnyama amedhurika baada ya sindano atoe taarifa kwa daktari wa mifugo wa kaunti pamoja na namba ya toleo iliyo kwenye chupa. Ngamia asipotajwa katika karatasi hiyo, maana yake ni kwamba dawa hiyo haikuidhinishwa kwa ajili yake.